Nafunga Ijumaa

Kabianga,
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa. Kama umesimama, tafadhali kaa kwanza, na huyo Nabwire anayekusomea akae pia, kwa sababu mdogo wangu akisoma amesimama anasoma mbio kama mtu anayekimbia mvua. Nabwire, soma polepole na usiruke mahali. Kuna mahali utataka kuruka.

Hujambo, Mama? Goti limepoa? Yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado anatudanganya na tumbo lake? Sisi huku tuko wazima. Baraka ameanza kuandika jina lake huko nasari, ila R bado inaangalia upande mwingine. Jina lako, Nekesa mdogo, ameota meno mawili ya chini na anayajaribu kwa kila kitu, hata kwa spana. Mkwe wako Wandera bado yuko kile kiwanda cha chai upande wa Boito, anafika Jumamosi na kurudi Jumatatu alfajiri. Mvua ni ile ile. Asubuhi jua linatoka kukuonyesha tu kwamba lipo, halafu saa nane mvua inaingia kazini.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu ya tabia yetu sisi wawili. Kwa simu unaniuliza kwa upole, mimi natoa machozi, na kabla hatujaagana nimekubali kila kitu. Ndivyo ilivyokuwa mara ya mwisho. Ulisema, "Rudi nyumbani, mwanangu, hiyo duka ni mzigo wa mwanaume," nikasema ndiyo, nafunga. Ulisema Shangazi ameniwekea nafasi kando yake pale sokoni Sio Port niuze omena, nikasema ndiyo. Ukasema utanifagilia kile chumba changu cha zamani na uweke godoro, na hapo ndipo nilishindwa kabisa. Kwa hivyo najua chumba kimefagiwa. Nabwire aliniambia umekisiriba hata na udongo mpya.

Mama, sikufunga. Sirudi. (Nabwire, soma hapo tena.)

Sasa usikunje uso kwanza. Nipe nafasi nikueleze vile mambo yalikwenda, ndio ujue si kichwa ngumu peke yake.

Uchovu uliousikia kwa sauti yangu ulikuwa wa kweli. Mtoto alikuwa halali, mimi silali, na asubuhi nampeleka Baraka shule, nambeba huyu mdogo mgongoni, nafungua duka, nakaa. Hiyo kukaa ndiyo ilinimaliza. Wale waliokuwa wakisimama mlangoni walitaka upepo tu. Wanajaza magurudumu na pampu yangu, wanasema asante, wanaenda. Vijana wa pikipiki wakipita wananiita, "Mama Baraka! Uza hizo vyuma upande pikipiki kama watu!" Mwanzoni nilikuwa nawajibu, unajua mdomo wangu. Baadaye nikaacha kujibu. Nikaanza kufungua saa nne badala ya saa mbili. Kuna baiskeli ya msichana mmoja wa chuo, ilikaa siku tisa ikingoja pedali, na pedali yenyewe ilikuwa kwenye sanduku, hatua mbili kutoka mahali nimekaa. Nilikuwa naiangalia tu. Mwishowe msichana akaja akaichukua hivyo hivyo, na pedali moja. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Na ukutani nilikuwa nimetundika bidhaa vile Baba alivyokuwa akitundika kwenye duka yake ya baiskeli pale kwa kinu cha kusaga, Mungu amlaze pema. Keria za chuma juu, viti vya sponji vya abiria katikati, kengele chini. Mwaka mzima hakuna mtu aliyenunua kiti hata kimoja. Nikajiambia watu wa huku hawana haja na baiskeli, mimi ndiye mjinga.

Basi Jumanne ile baada ya kuongea na wewe, nikapanda kiti na chaki. Unakumbuka kile kibao ambacho Wandera alikipaka rangi tulipoanza? Sehemu ya juu aliiacha wazi tuandike jina la duka, na jina hatukukubaliana mpaka leo. Chini yake aliandika kwa herufi kubwa nyeupe: BREKI, CHENI, TAIRI. Mimi nikachukua ile nafasi ya juu nikaandika: NAFUNGA IJUMAA. Nikashuka, nikafuta mikono, nikaona nimemaliza. Jumatano na Alhamisi sikufungua hata mlango. Nilibaki nyumbani nikikunja nguo za watoto.

Ijumaa nikaja asubuhi kufungasha vitu. Mama, nilikuta watu. Nimesimama pale kwa kona nikawahesabu, watu tisa, kila mmoja na baiskeli yake, wamepanga laini kutoka mlango wangu mpaka mlango wa hoteli ya Mama Chepkemoi. Huyo ni jirani yangu, yule wa chai na mandazi ambaye nilikuambia alinipikia uji nilipojifungua. Nikafikiri kuna msiba.

Wa kwanza kwenye laini alikuwa Mzee Langat. Yeye hubeba maziwa kila asubuhi kwa baiskeli nyeusi kuukuu, mitungi miwili nyuma imefungwa na blada, ule mpira wa ndani ya tairi. Hawa majirani zetu Wakipsigis, B na P kwao ni ndugu wa nyumba moja, na D na T vilevile, kwa hivyo mimi huku naitwa Mama Paraka na nimeshazoea.

"Chamgei, Mama Paraka," akanisalimia kwa lugha yao.

"Chamgei, mzee."

"Leo si ni Ijumaa?"

"Ni Ijumaa."

"Pasi funga."

"Ndiyo, nafunga, mzee. Si nimeandika hapo?"

"Umeandika. Ndiyo nimekuja mapema. Funga."

Nikamwangalia. "Sasa mzee, mimi nikifunga wewe utapata faida gani?"

"Nitateremka kama mtu."

Nikaona huyu mzee leo ana neno. Nikamwambia polepole, vile mtu huambia mtoto, "Mzee, nafunga duka. Du-ka."

Akarudi nyuma hatua moja. Akaitazama duka kuanzia chini hadi juu kwenye mabati, akaitazama na pande zote mbili. Akaniuliza kwa uso mkavu kabisa, "Tuka? Tuka nayo inateremka wapi ndiyo ifungwe preki?"

Laini yote ikaangua kicheko. Mimi nikageuka kuangalia kibao, na ndipo nikakisoma kama wao walivyokisoma. NAFUNGA IJUMAA: BREKI, CHENI, TAIRI. Mama, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilicheka mpaka jina lako akaamka mgongoni akaanza kulia. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka hivyo, labda kabla ya Baba kutuacha.

Mama Chepkemoi akatoka na mwiko mkononi. "Wewe mama," akasema, "ulipanda kiti ukaandika unafunga, juu ya preki, sisi tusome nini kingine? Mimi ndiye niliambia hawa watu wa maziwa waje. Lete mtoto hapa kwa jiko, kuna joto. Wewe toa spana." Mpaka leo sijui kama alisoma vibaya, au alisoma vizuri akaamua mambo yake. Nikimuuliza anasema ana mandazi kwa moto.

Nikafungua mlango. Ningefanya nini?

Baiskeli ya Mzee Langat ilinitia aibu. Breki ya mbele haikuwepo. Ya nyuma ilikuwa kipande cha kandambili amekifunga na waya, kimeisha mpaka chuma kinakwaruza rimu. Nikamuuliza, "Sasa mzee, wewe husimama na nini?" Akainua mguu wa kulia akanionyesha gambuti. Soli yote imelika upande mmoja, nyembamba kama karatasi. Anasimamisha baiskeli na maziwa yote yale kwa kukanyaga gurudumu. Na mlima wenyewe ni ule wa kutoka hapa sokoni kwenda kituo cha maziwa, ambao hata mimi nikishuka kwa miguu na mtoto mgongoni nashika fensi.

Nikaangalia wengine nyuma yake. Kandambili. Kipande cha tairi. Mmoja alikuwa na gogo dogo la mti analisukumiza kwa gurudumu. Wote tisa walitaka breki. Mwaka mzima walikuwa wakija kwangu kujaza upepo, wakiangalia ukuta wangu, wanaona viti vya abiria na kengele, wanajua huyu hana dawa yetu. Na mimi breki nilikuwa nazo, Mama, boksi mbili chini ya meza. Kwetu Sio Port ni tambarare. Ukitaka kusimama unaacha kukanyaga, baiskeli inasimama yenyewe. Baba alinifundisha vile baiskeli inavyokwenda, na kwa jambo hilo sijaona mtu wa kumshinda. Kusimama hakukuwa somo kwetu. Mimi nikaja na duka ya Sio Port nikaiweka juu ya milima ya chai, halafu nikashangaa.

Nilimfungia mzee raba mpya nne na waya mbili. Rimu ya nyuma ilikuwa inayumba, nikainyoosha kwa kukaza spoki na koleo, kazi ya kubahatisha kidogo, nitakuambia baadaye kwa nini. Nikamaliza. Nikampa. Hakuipokea.

"Panda wewe kwanza," akasema.

"Mimi?"

"Fundi aliyefunga preki ndiye anateremka nayo kwanza. Kwetu ni hivyo." Na wale wengine wakaitikia kwa kichwa kama kamati.

Mama, tangu tumbo la Nekesa sikuwa nimekalia baiskeli. Mgongo bado unauma nikiinama. Nilisimama pale na ovaroli yangu, nikiangalia ile barabara inavyoshuka katikati ya chai, inakata kona kushoto, halafu daraja dogo na mto. Nilijua nikisema siwezi, hakuna atakayenicheka. Watasema ni mama mwenye mtoto mchanga. Watafunga kandambili zao warudi nyumbani, na mimi nitafungasha vitu vyangu, na kila mtu atasema ni sawa. Nikaona hapo ndipo pa kuamua, si kwa simu na wewe tukilia.

Nikapanda.

Mwanzo niliiacha iende. Upepo wa huku ni baridi, ukaniingia mpaka kwenye meno. Wachumaji walikuwa shambani mkono wa kulia na vikapu mgongoni, wakainua vichwa, mmoja akapiga kelele, "Fundi! Ukianguka angukia kule tumeshachuma!" Nikataka kucheka lakini kona ilikuwa imefika. Nikashika breki ya nyuma kwanza, kidogo, halafu ya mbele, halafu zote mbili. Nikasikia raba zimekamata. Hazikulia, hazikuteleza. Baiskeli ikapunguza mwendo kama ng'ombe aliyevutwa kamba, ikasimama kabla ya daraja, na miguu yangu yote miwili chini. Nikakaa hapo dakika moja. Harufu ya raba ya moto, maji chini ya daraja, na mimi nimesimama mahali nilitaka kusimama.

Kupanda tena nikisukuma ndiyo ilikuwa kazi. Nilifika juu natafuta pumzi. Mzee akauliza neno moja tu, "Imesimama?"

"Imesimama."

"Hata gambuti yangu itapumzika," akasema. Akapachika mitungi, akaenda.

Siku hiyo nilifanya sita kabla mvua haijaingia, na zote sita niliteremka nazo. Tatu zikalala dukani zikangoja Jumamosi. Mapaja yaliwaka moto siku tatu. Jumamosi Wandera akafika amebeba makatoni matupu kichwani, yale tulipatana alete tufungashie vitu. Akaona watu mlangoni. Akaniita kando kwa huruma, "Hawa wote wamekuja kukuaga?" Nikampa spana. Katoni moja sasa ndiyo kitanda cha jina lako mchana, kando ya jiko la Mama Chepkemoi.

Hiyo ni wiki tano zilizopita, Mama. Nilitaka kwanza nione kama ni homa ya siku mbili. Si homa. Nimeshusha viti na keria kutoka ukutani, nimetundika breki, za waya na zile za vyuma, na yeyote anayepita anaziona. Nafungua saa mbili. Yule msichana wa pedali nilimtafuta mpaka kwenye geti la chuo, nikamfungia pedali yake pale pale barabarani, nikamwomba msamaha. Akaleta wenzake wawili. Watoto wa nasari, Baraka akiwa kiongozi wao, wananiita Mama Preki. Hata vijana wa pikipiki wamebadilisha wimbo. Juzi mmoja ananiambia, "Mama Preki, na pikipiki unafunga?" Nikamwambia auze hizo vyuma anunue baiskeli kama watu.

Sitakudanganya kwamba uchovu umeisha. Kuna siku watu ni wawili, na kuna siku mtoto ana homa nafunga mlango naenda kliniki. Lakini nilikuwa nachoka kwa kukaa, sasa nachoka kwa kazi, na huu wa sasa ukilala usingizi unapona.

Sasa nisikilize vizuri, na usinikasirikie. Ulisema ni mzigo wa mwanaume. Mama, wewe ulibeba magunia ya samaki kwa kichwa mpaka sokoni na mimi tumboni, ni mwanaume gani alikupokea? Ulisema pia nabeba spana ya marehemu. Hiyo iliniuma, labda kwa sababu ilikuwa kweli kidogo. Nilikuwa naendesha duka ya Baba. Hii ya sasa ni yangu, na Baba angekuja hapa ingebidi mimi nimfundishe.

Kwa hivyo naomba mambo matatu. Mwambie Shangazi asante, na ile nafasi ampe mtu mwingine kabla samaki hawajamharibikia kwa kuningoja. Kile chumba na godoro mpe Nabwire, amekua, hawezi kulala jikoni maisha yote. (Hapa najua hukuruka.) La tatu ni zito, kwa hivyo nalisema polepole. Ile spana ndogo ya mviringo ya kunyoosha spoki, ambayo Baba alikuwa akiiita ufunguo, iko kwa msumari nyuma ya mlango wako. Najua unaiangalia ukiamka. Sikuichukua tulipomzika kwa sababu niliona unavyoiangalia. Lakini Mama, huku nanyoosha rimu kwa koleo, na koleo inakula spoki, na kuna watu wanateremka mlima wakiamini mkono wangu. Nitumie ufunguo. Ukishindwa kuuachilia nitaelewa, nitatafuta mwingine, ila mwingine hautajua kazi kama huo.

Ouma anayekuletea barua hii anafanya kazi kiwandani na Wandera. Yuko likizo hapo kwao wiki mbili, halafu anarudi. Ni mtu wa kuaminika, ila usimpe omena mbichi abebe, mara ya mwisho gari zima lilimjua. Na wewe ukiona goti linakubali, shule zikifungwa njoo umbebe jina lako. Beba sweta mbili. Nitakuonyesha ile barabara, na sitakulazimisha kuteremka.

Nisalimie Shangazi na mdomo wake mtamu. Nisalimie Kaka Odongo na mkewe, na mwambie kaka yangu ile baiskeli yake asiipande mpaka nije niikague. Msalimie Babu aliyebaki na redio yake, mpazie sauti asikie ni mimi. Msalimie jirani mshonaji aliyenishonea ovaroli, haijatatuka hata mahali pamoja.

Binti yako anayekupenda na ambaye haji,
Ajiambo,
Mama Baraka, Mama Preki

Nimesahau moja. Ile chaki ilikuwa inafifia kidogo kidogo kwa mvua, kwa hivyo Jumamosi Wandera ameandika kwa rangi ya mafuta, haitatoka tena. Kibao sasa kinasema NAFUNGA KILA SIKU. Basi mtu wa huko akipita Kabianga, akakuletea habari kwamba ameona kwa macho yake Ajiambo ameandika anafunga, mpe chai, mwambie unajua. Usifagie chumba.